Namna ya Kutetea Kiti cha Udiwani katika Manispaa ya Moshi

Diwani anayetetea kiti huingia uwanjani akiwa na mzigo ambao mpinzani wake hana: wapiga kura wanamjua. Wanajua kama simu yake hupokelewa au haipokelewi, wanajua mara ya mwisho alionekana lini mtaani, na wanakumbuka ahadi alizozitoa jukwaani hata kama yeye mwenyewe amezisahau. Mgombea mpya huuza matumaini, lakini anayerudi huulizwa hesabu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya diwani wa kata aliyemo katika Baraza la Madiwani la Manispaa ya Moshi na anayekusudia kuomba ridhaa tena mwaka 2030, ingawa sehemu kubwa ya yaliyomo itamfaa pia mwenzake wa Jiji la Arusha, ambako kata ni nyingi zaidi na nyingine ni pana sana, lakini sheria na taratibu ni zile zile.

Nianze kwa kukiri jambo ambalo wapambe hawapendi kulisikia. Katika mji huu diwani anaweza kufanya kazi nzuri na bado akaanguka, kwa sababu mpiga kura huingia kituoni siku moja kumchagua rais, mbunge na diwani, na mawimbi ya vyama hubeba watu wengi. Mwaka 2015 Manispaa ya Moshi ilikuwa mikononi mwa CHADEMA, na mwaka 2020 ikawa mikononi mwa CCM, na katika mabadiliko ya namna hiyo huondoka wazembe na wachapakazi kwa pamoja. Wimbi la chama huwezi kulizuia ukiwa katani. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba pale tofauti itakapokuwa kura chache, kura hizo ni zako.

Mipaka ya cheo itangazwe mapema

Malalamiko mengi yanayomwangusha diwani yanahusu mambo ambayo hana mamlaka nayo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni barabara. Tangu TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ilipoanzishwa mwaka 2017, bajeti ya barabara za mitaa, mkandarasi na greda viko kwa Wakala huyo, na diwani hana mahali popote anapoweka sahihi ili kifusi kimwagwe. Maji ya bomba ni ya MUWSA, umeme ni wa TANESCO, barabara kuu ni za TANROADS, na kamati ya Mfuko wa Jimbo huongozwa na mbunge. Kinachobaki halmashauri ni kikubwa vya kutosha: uzoaji wa taka, masoko, stendi, madarasa, zahanati, mipango miji, leseni za biashara, ushuru, na mikopo ya vikundi. Hata hivyo mwananchi wa Njoro au Pasua hana sababu ya kuijua ramani hiyo ya mamlaka, na wewe ulipoomba kura hukumwambia. Ulisema barabara itajengwa.

Kosa la kawaida ni kusubiri mwaka wa mwisho ndipo uanze kueleza kwamba barabara si kazi yako, kwa sababu wakati huo maelezo husikika kama kisingizio. Yasemwe katika mkutano wa kwanza wa hadhara baada ya kuapishwa, na yarudiwe kila mara kero inapoletwa, tena yakiambatana na hatua utakayochukua wewe. Tuchukue mazungumzo ya kawaida ya sokoni Mbuyuni. Mama anayeuza ndizi anasema, "Mheshimiwa, mtaro huu umeziba tangu masika, na wewe unapita hapa kila siku." Jibu la mazoea ni "Tutalishughulikia, mama," na jibu hilo limeua madiwani wengi. Jibu linalofaa ni refu kidogo: "Shikamoo, mama. Mtaro wenyewe ni wa TARURA, na barua yao nitaipitisha kwa Mtendaji kesho. Taka zilizouziba ni zetu manispaa, na hizo nitamwuliza afisa afya wiki hii. Ijumaa nitapita hapa kukupa jibu, liwe zuri au baya." Ijumaa ikifika, pita. Ukipita na jibu baya, mama huyo atakusema vibaya siku moja. Usipopita, atakusema miaka mitano.

Vivyo hivyo, usijitwalie sifa ya mradi ambao si wako. Fedha za madarasa na vituo vya afya kwa sehemu kubwa hutoka serikali kuu, na watu wanasoma magazeti na kusikiliza redio. Sema ulichofanya hasa, yaani ulitafuta kiwanja, ulisimamia mchango wa nguvu za wananchi, au ulipiga kelele katika kamati mpaka shule ya kata yako ikaingizwa kwenye orodha. Kazi hiyo ni halali na inatosha, mradi uweze kuionyesha.

Daftari la kero

Ningeombwa nichague jambo moja tu la kumshauri diwani mpya, ningechagua daftari. Liwe daftari gumu la kawaida la dukani, lenye safu saba: tarehe, mtaa, jina la aliyeleta kero, kero yenyewe, mamlaka inayohusika, hatua iliyochukuliwa, na tarehe ambayo jibu lilirudishwa kwa mwenye kero. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo ambayo karibu kila diwani huiacha tupu.

Tuseme mwenye kibanda cha chipsi amekuletea habari ya taa ya barabarani iliyozimika na vijana wanaokaba watu chini yake. Unaandika tarehe na mtaa, unaandika kwamba suala limefikishwa kwa mhusika kwa barua na nakala kwa Mtendaji wa Kata, unaandika kwamba mkuu wa kituo cha polisi ameombwa doria, na baada ya majuma mawili unaandika kwamba umempigia simu mwenye kibanda kumwambia taa haijapatikana lakini doria imeanza. Kero haijaisha, ila mtu yule ameshajua kwamba alipozungumza hakuzungumza na ukuta. Atawaeleza wateja wake, na kibanda cha chipsi kina wateja wengi kuliko mkutano wako wa hadhara.

Daftari hili lina faida ya pili ambayo huonekana mwaka wa nne. Ukilipitia utaona kero zinajikusanya wapi, na mara nyingi hazijikusanyi pale unapodhani. Diwani hudhani tatizo la kata ni barabara kwa sababu ndiyo inayopigiwa kelele mkutanoni, ilhali daftari linaonyesha kwamba walalamikaji wengi waliokuja mmoja mmoja, hasa wanawake, walizungumzia ada ya taka, choo cha soko au mwalimu wa hisabati. Moshi imejijengea jina la usafi kwa miaka mingi, na watu wake wana jicho kali kwa taka kuliko watu wa miji mingine. Gari la taka lisipopita majuma mawili mfululizo, lawama haiendi kwa mkandarasi, inakuja kwako. Namba za simu na majina ya walioleta kero yasionyeshwe kwa mtu yeyote, na hasa yasigeuzwe kuwa orodha ya wapambe.

Linganisha pia daftari lako na kumbukumbu za wenyeviti wa mitaa. Wao huchaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa unaotangulia uchaguzi mkuu kwa takribani mwaka mmoja, kama ule wa Novemba 27, 2024, na matokeo yake katika mitaa ya kata yako ni salamu ya mapema. Mtaa ambao mwenyekiti wa chama chako ameangushwa unahitaji kutembelewa kabla hujakasirika.

Kazi ya baraza na kamati

Hudhuria vikao. Jambo hili linaonekana dogo mno kuandikwa, lakini sheria inaweza kukuvua kiti kwa kukosa vikao vya baraza vitatu mfululizo bila ruhusa, na hata usipovuliwa, orodha ya mahudhurio itasomwa na mshindani wako mbele ya wajumbe. Baraza hukutana kila robo ya mwaka, ilhali kamati za kudumu ndiko kazi hasa inakofanyika. Diwani aliyemo katika Kamati ya Fedha na Utawala huona hesabu za manispaa kila mwezi, na aliyemo katika Kamati ya Mipango Miji na Mazingira hukutana na migogoro ya viwanja kabla haijafika mtaani. Omba nakala ya muhtasari wa kila kikao ulichozungumza, uitunze. Siku mtu atakaposema hukuwahi kulizungumzia soko la Kiusa, utafungua ukurasa badala ya kuapa.

Katani, wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na Mtendaji wa Kata ndiye katibu wake. Uhusiano kati ya watu hawa wawili umeamua hatima ya madiwani wengi. Mtendaji ni mwajiriwa wa Mkurugenzi, hachaguliwi na hatafuti kura, na akikuona unamtukana mbele ya watu atajua namna ya kuchelewesha barua zako bila kuvunja kanuni yoyote. Mheshimu hadharani, mbane kwenye kikao.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inahitaji tahadhari ya pekee. Mgawanyo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na baada ya kusitishwa mwaka 2023 ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hakuna fedha ya halmashauri inayomkaribia mpiga kura kwa namna ya moja kwa moja kuliko hii, na kwa hiyo hakuna inayoleta chuki haraka kuliko hii. Tangaza nafasi ya kuomba katika kila mtaa kwa wakati mmoja, bandika majina ya vikundi vilivyopata na vilivyokosa pamoja na sababu, na usikubali kikundi cha shemeji yako kipite hata kama kina sifa zote, maana hakuna atakayeamini kwamba kilikuwa na sifa. Kikundi kilichokopa kisirejeshe nacho kitakuja kwako kuomba utetezi. Ukikitetea, vikundi vilivyolipa kwa taabu vitakumbuka.

Kuna hesabu ya muda ambayo wengi huisahau. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, na Baraza la Madiwani huvunjwa miezi kadhaa kabla ya kura: mwaka 2025 mabaraza yalivunjwa mwezi Juni, ilhali kura ilipigwa Oktoba 29. Kuanzia siku baraza linapovunjwa wewe si diwani tena, huna kikao cha kuongoza wala barua ya kuandika kwa cheo hicho, na miradi iliyokuwa imekaribia kukamilika itakamilishwa na watendaji bila jina lako. Kwa hiyo jambo lolote unalotaka lionekane mbele ya wapiga kura liwe limefika mwisho ifikapo Machi ya mwaka wa uchaguzi. Kinachoahidiwa Aprili kisihesabiwe.

Kura za maoni ndani ya chama

Kwa vile Tanzania hairuhusu mgombea binafsi, mlango wa kwanza ni chama, na katika kata ambazo chama kimoja kina nguvu, mlango huo ndio uchaguzi wenyewe. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo jirani zetu Arusha, iliamua mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba katazo hilo linakiuka haki, lakini sheria haijabadilika, na diwani anayepanga mikakati yake kwa kutegemea ibadilike anapoteza muda.

Kinachomshangaza diwani aliyeko madarakani ni kwamba wajumbe wa chama wanampima kwa kipimo tofauti na cha wananchi. Mwananchi anauliza kuhusu mtaro. Mjumbe anauliza kama diwani alikuja kwenye kikao cha tawi, kama alilipa michango ya chama, kama alimpelekea balozi wa nyumba kumi taarifa kabla ya kuitisha mkutano kwenye eneo lake. Diwani mchapakazi anayeona vikao vya tawi ni upotevu wa muda anaweza kupendwa na kata nzima na akaangushwa na chumba kimoja. Panga ratiba ya kuhudhuria vikao vya kila tawi tangu mwaka wa kwanza, na uwasilishe taarifa ya utekelezaji kwa maandishi, hata kama ni kurasa mbili. Mwaka 2025 ada ya fomu ya udiwani ndani ya CCM ilikuwa shilingi 50,000, kiasi ambacho kijana yeyote mwenye bodaboda anaweza kukichanga, kwa hiyo usitegemee kwamba gharama itakupunguzia washindani.

Ushindi wa kura za maoni nao si mwisho. Vikao vya juu vya chama hupitia majina na vinaweza kumteua aliyeshika nafasi ya pili, na sababu zao si lazima zitangazwe. Jina lako likikatwa, una saa chache za kuamua utakavyozungumza, na kila neno litakalotoka kwa hasira litasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya jua kuzama. Kata rufaa kwa utaratibu wa chama ukiwa na ushahidi, na kama huna, pumzika. Kuhama chama ukiwa bado diwani ni kupoteza kiti papo hapo. Uchaguzi mdogo wa kata 43 uliofanyika Novemba 26, 2017 ulitokana kwa sehemu na madiwani waliojiuzulu na kuhama, wakiwemo wa Arumeru, na wananchi walioachwa katikati ya muhula hawakufurahia wote.

Madiwani wa viti maalumu wana njia yao, inayopitia jumuiya za wanawake za vyama na kutegemea matokeo ya chama katika uchaguzi, na mwongozo huu hauwahusu moja kwa moja.

Misiba, michango na mstari wa rushwa

Hapa ndipo diwani wa Moshi hupata taabu kuliko wa miji mingi. Msiba ukitokea Majengo au Bondeni, kuna turubai, viti, chakula cha siku kadhaa, na mara nyingi mwili unapandishwa kwenda kuzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, Kibosho, Machame, Marangu au Rombo, kwa hiyo kuna mabasi ya kukodi. Daftari la rambirambi linapopita, macho yote huelekea kwa mheshimiwa. Kuna harusi, kuna kipaimara, kuna ujenzi wa kanisa na msikiti, na kadi za mchango hufika mpaka chini ya mlango.

Nchi yetu imewahi kujaribu kuhalalisha ukarimu wa namna hii wakati wa uchaguzi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2000 yaliruhusu kile kilichoitwa takrima, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006 kwa kuwa ilimpendelea mwenye fedha dhidi ya asiyenazo. Baadaye ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, na kabla yake Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inayosimamiwa na TAKUKURU. Chai, kanga, sare za vikoba na nauli zinazogawiwa kwa wajumbe majuma machache kabla ya kura za maoni haziwezi tena kujificha nyuma ya neno ukarimu, na anayekupiga picha unapogawa ni mshindani wako wa chama kile kile.

Ushauri wangu ni huu. Toa rambirambi kama jirani wa kawaida wa kipato chako anavyotoa, kwa kiwango kile kile tangu mwaka wa kwanza hadi wa tano, na uiandike katika daftari la msiba kwa jina lako kama wengine wote. Kiwango kikipanda ghafla mwaka wa uchaguzi, hata kama moyo wako ni safi, huna utetezi. Pale ambapo huna fedha, nenda na mwili wako: kaa kwenye benchi, shika chepeo, fika kabla ya jeneza na uondoke baada ya watu wengine. Familia husahau bahasha haraka kuliko inavyosahau aliyekuwepo. Kuhusu harambee, kataa nafasi ya mgeni rasmi katika miezi sita ya mwisho, na sema wazi kwa nini unakataa. Watakaokasirika ni wachache kuliko unavyodhani.

Fomu

Sifa za mgombea udiwani ni za msingi: uraia, umri usiopungua miaka 21, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, ukaazi wa kawaida katika eneo la halmashauri, na udhamini wa chama. Diwani aliyepo hudhani kwamba kwa kuwa alishapita mara moja atapita tena, na hapo ndipo huanza uzembe. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani nchini walienguliwa kwa madai ya makosa ya kujaza fomu, na tangu hapo hakuna mtu makini anayejaza fomu yake peke yake usiku wa manane.

Fomu Namba 8C huchukuliwa kwa Msimamizi Msaidizi wa Uchaguzi ngazi ya kata. Jaza nakala ya mazoezi kwanza. Andika majina yako kama yalivyo kwenye kadi ya mpiga kura, herufi kwa herufi, na jina la chama kwa kirefu chake. Sheria inataka wadhamini wasiopungua 10 walioandikishwa katika kata. Tafuta zaidi ya idadi hiyo, hakiki kadi ya kila mmoja kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na mwulize kila mdhamini kwa upole kama hajamdhamini mtu mwingine, maana wapo watu wema wanaosaini kila karatasi wanayoletewa. Matamko na fomu ya gharama za uchaguzi ziambatishwe kama maelekezo ya mwaka huo yanavyosema. Rudisha fomu asubuhi ya siku ya uteuzi, kwa kuwa dirisha hufungwa saa 10 jioni na anayefika saa 9 na nusu hana muda wa kurekebisha chochote. Omba uthibitisho wa maandishi kwamba zimepokelewa, ukiwa na saa na sahihi. Pingamizi likiwekwa, jibu kwa maandishi ndani ya muda, na usiporidhika na uamuzi kata rufaa kwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi.

Hata maandalizi kamili ya mgombea hayawezi kuziba pengo la chama chake. Aprili 2025 CHADEMA haikusaini Maadili ya Uchaguzi, Tume ikatangaza kwamba hakitashiriki, na watu waliokuwa wamejiandaa kwa miaka katika kata zao wakabaki nje. Fuatilia basi mambo ya chama ngazi ya taifa kwa umakini ule ule unaofuatilia mitaa yako. Na ukijikuta uko peke yako kwenye karatasi, usisherehekee, kwa sababu chini ya sheria ya mwaka 2024 mgombea pekee hupigiwa kura za ndiyo au hapana.

Kampeni

Kampeni za 2025 zilianza Agosti 28 na kumalizika Oktoba 28, na mikutano huruhusiwa kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni kwa ratiba iliyokubaliwa katani. Kwa anayetetea kiti, miezi miwili hiyo ni ya kurudisha taarifa. Chapisha karatasi moja yenye ahadi za uchaguzi uliopita, na mbele ya kila ahadi uandike imetimia, imekwama, au haikuwezekana, pamoja na sababu yake. Karatasi yenye "imekwama" tatu inaaminika kuliko yenye "imetimia" kumi na tano, kwa kuwa msomaji anaishi katika kata hiyo na ana macho.

Mikutano mikubwa ina kazi yake ya kutia hamasa, lakini kura za kata hupatikana kwa kutembea: kijiwe cha bodaboda kabla ya saa 2, ambapo huwezi kufanya kampeni ila unaweza kusalimia; soko la Memorial wakati wauza mitumba wanafungua mabelo; na nyumba kwa nyumba jioni, ukiondoka kabla ya saa 12. Usimshambulie mpinzani. Yeye hana rekodi ya kushambuliwa, wewe unayo, na mjadala wa kurushiana maneno humpa yeye ukubwa asiokuwa nao.

Jihadhari na umaarufu wa Desemba. Kila mwisho wa mwaka Moshi hufurika watu wanaorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, diwani hualikwa kila mahali, hununuliwa mbege, pombe ya ndizi, na kusifiwa, na huondoka akiamini ameshashinda. Wengi wa watu hao wamejiandikisha Kinondoni na Temeke, na kura hupigwa Oktoba. Vivyo hivyo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika au wa vyuo vingine mjini: mwulize kila mmoja amejiandikisha wapi kabla ya kumhesabu.

Siku ya kura na baada yake

Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na aliyekuwa kwenye foleni saa 10 ilipofika anaruhusiwa kupiga kura. Kazi yako siku hiyo ni mawakala. Chagua watu wanaoweza kuandika kwa utulivu na kukaa hadi usiku, si wanaopiga kelele zaidi kijiweni. Majina yawasilishwe kwa wakati, waapishwe, na chakula chao kiandaliwe na mtu mmoja unayemwamini, kwa sababu wakala mwenye njaa huondoka saa ya kuhesabu. Kila wakala ahakikishe anapata nakala ya Fomu Namba 21C, ambayo ndiyo ya matokeo ya udiwani ya kituo, aipige picha mara moja na karatasi yenyewe ailete kwako mkononi. Jumla ya kata hutangazwa na Msimamizi Msaidizi, nawe uwe umeshajumlisha za kwako kabla hajaanza kusoma.

Ukishindwa na nakala zako hazilingani na kilichotangazwa, mwone wakili siku inayofuata, kwani muda wa kufungua shauri ni mfupi. Zikilingana, mpigie aliyeshinda simu na umkabidhi Mtendaji nyaraka za ofisi ulizokuwa nazo. Ukishinda, taarifa ya gharama za uchaguzi inadaiwa vile vile, halikadhalika tamko la mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambalo hujazwa kila mwaka kabla ya Desemba 31. Baada ya kiapo utaanza kutafutwa kwa ajili ya uchaguzi wa meya, atakayekaa miaka mitano, na wa naibu wake, anayechaguliwa kila mwaka. Watakaokupigia simu watataka jibu usiku huo huo. Waambie watalipata baada ya wewe kujua nafasi yako katika kamati za kudumu.